Mgongo Wetu Si wa Panadol Tu

Leo tuongee mgongo.

Mmeziona zile video. Mtu amelala kifudifudi juu ya kitanda cha ngozi nyeusi, huko Marekani au Ulaya. Daktari anampapasa mgongo, anamgeuza, anamshika kidevu, halafu ghafla: krak! Mgonjwa anacheka na kulia kwa pamoja, anasema maumivu ya miaka kumi yameondoka. Kwenye magrupu yetu ya WhatsApp video hizo zinapita kila siku, na chini yake swali ni lile lile: "Hapa Nakivale nani anaweza kunifanyia hiyo?"

Sasa wameanza kupatikana. Kuna vijana wananyoosha watu migongo na shingo nyuma ya maduka, kwa shilingi elfu kumi, au elfu tano ukiwabembeleza. Walisomea wapi? Kwenye simu, kama sisi. Na kwa familia inayongoja pesa ya mgao, elfu kumi ni unga wa siku kadhaa.

Hatuandiki ili kuwacheka wanaokwenda kule. Wanakwenda kwa sababu wanaumwa, na mlango wa kwanza waliogonga uliwapa vidonge na kuwaambia warudi nyumbani. Tunachosema ni hiki: maumivu ya mgongo katika kambi na makazi yetu ni ugonjwa unaotokana na jinsi tunavyoishi, unastahili mtu aliyesomea, na unastahili mizigo kupunguzwa. Mpaka hayo mawili yafanyike, watu wa krak hawatakosa wateja.

Kwanza tujue hiyo krak ni nini, maana kuna uongo mwingi pande zote mbili.

Kazi ile inaitwa kiropraktika. Jina limetoka kwenye Kigiriki, maana yake ni kama kusema kazi ya mkono. Aliyeianzisha ni D. D. Palmer, mwaka 1895, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani. Mtu wa kwanza aliyemshika alikuwa Harvey Lillard, Mmarekani Mweusi aliyekuwa anafanya usafi kwenye jengo, ambaye masikio yake hayakusikia vizuri. Palmer alidai kwamba alisukuma pingili moja ya mgongo wake na masikio yakafunguka. Kutoka hapo akajenga imani kubwa, kwamba karibu magonjwa yote yanatokana na pingili zilizohama mahali pake. Imani hiyo haijathibitishwa mpaka leo. Kwa hiyo mtu akikuambia atakutibu pumu, kisukari, presha au ugumba kwa kukubonyeza uti wa mgongo, funga pochi yako uende zako.

Lakini tusitupe yote. Kwa maumivu ya kiuno na mgongo wa chini, habari ni nyingine. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo wake wa kutibu maumivu ya kiuno ya muda mrefu bila upasuaji. Ndani yake kuna mafunzo kwa mgonjwa mwenyewe, mazoezi, msaada wa kisaikolojia, kuchuliwa misuli, dawa za kupunguza uvimbe, na pia kusukuma pingili kwa mkono, kile wanachokifanya watu wa kiropraktika na baadhi ya watu wa fiziotherapia. Limo kama kitu kimoja kati ya vingi ambavyo mgonjwa anaweza kupewa, kwa kiasi, kufuatana na hali yake. Mwongozo huo huo unasema mikanda ya kiuno isitolewe kama dawa ya kawaida, wala kumvuta mgonjwa kwa uzito, wala dawa kali za jamii ya mofini. Mikanda! Ile tunayouziwa sokoni kwa bei ya mbuzi.

Na ile sauti yenyewe siyo mfupa unaorudi mahali pake. Ni hewa iliyomo kwenye majimaji ya kiungo, kama unapovunja vidole. Kiungo kinaweza kulia na usipone, na unaweza kupona bila kiungo kulia. Video inauza sauti kwa sababu sauti ndiyo inayosikika kwenye simu.

Kitu kingine ambacho video haionyeshi ni shule. WHO ilipoandika miongozo ya mafunzo ya kiropraktika mwaka 2005, ilisema mwanafunzi anayeanza bila elimu nyingine ya afya anahitaji masaa yasiyopungua 4,200 ya kufundishwa, sawa na miaka minne, na kati ya hayo masaa 1,000 ni ya kushika wagonjwa chini ya uangalizi. Huku Afrika wanaotaka kuisomea wanaweza kwenda Durban au Johannesburg, ni masomo ya chuo kikuu. Kwa hiyo sisi hatutadanganyana kwamba kesho shirika fulani litatuletea mkiropraktika kwenye kila zahanati. Watu wa aina hiyo ni wachache mno, hata mijini. Lakini watu wa fiziotherapia wapo. Waliotoka Bukavu na Bujumbura wanawaita kinezi. Kenya wanafundishwa KMTC, Tanzania wanafundishwa KCMC pale Moshi. Hao nao wanajua mkono, na zaidi ya mkono wanajua mazoezi, kitu ambacho mgonjwa anaondoka nacho nyumbani bila kulipa tena.

Sasa tuje kwenye Panadol.

Ukikaa kwenye benchi la kituo cha afya asubuhi moja tu utasikia. "Mugongo inaniuma, dokta ananipatia Panadol tu." Mama huyu, mama yule, mzee, kijana wa bodaboda. Hatuwalaumu manesi, maana mgonjwa mmoja akitoka kuna mia nyuma yake, na mtoto mwenye malaria lazima atangulie. Lakini jamani, hata sayansi imeshasema. Mwaka 2014 watafiti wa Australia walichapisha katika jarida la Lancet jaribio la watu zaidi ya 1,600 waliokuwa na maumivu mapya ya kiuno. Wengine walipewa parasetamo, wengine kidonge kisicho na dawa ndani. Wote walipona kwa muda ule ule. Yaani kidonge tunachopanga foleni kukipata, kwa ugonjwa huu, kilishindwa kukishinda kidonge cha uongo.

Na tusifikiri ni sisi tu. WHO inahesabu watu milioni 619 waliokuwa na maumivu ya kiuno duniani mwaka 2020, na hakuna ugonjwa unaowazuia watu wengi zaidi kufanya kazi zao. Kati ya wagonjwa kumi, kama tisa hivi hawana kitu kimoja kinachoweza kuonyeshwa kwa kidole kuwa ndicho kinacholeta maumivu. Ndiyo maana picha ya eksirei, ambayo wengine wetu wanauza kuku ili waende kuipiga Mbarara, mara nyingi inarudi haina jibu. Mtu anarudi amekata tamaa, eti "hawakuona kitu, basi nimerogwa." Hujarogwa, ndugu.

Tofauti yetu na yule wa Sydney ni mzigo. Hapa ndipo tunataka wasomaji wetu wa mashirika wakae kidogo, maana tunajua mnausoma ukurasa huu.

Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika yenyewe yamekubaliana, vinasema kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, bomba lisiwe mbali zaidi ya mita 500 na nyumba, foleni isizidi nusu saa, na bomba moja lihudumie watu 250. Ni viwango vizuri. Sasa tuvibebe. Familia ya watu sita, lita 90. Ni jerikani nne na nusu, zile tunazoziita bido. Kila moja ikijaa ni kilo 20, bila kuhesabu plastiki yake. Ukienda mara tano, mita 500 kwenda na 500 kurudi, umetembea kilomita tano, nusu yake ukiwa na mzigo kichwani. Kwa wiki umebeba kilo 630. Kwa mwaka ni karibu tani 33, lori zima, na aliyelishusha lori hilo ni mama mmoja na binti yake wa miaka kumi na mbili. Hiyo ni siku ambayo kiwango kimetimizwa! Siku bomba likikauka na watu wakishuka ziwani, hesabu nyingine.

Halafu ongeza mtoto mgongoni. Ongeza kuni. Ongeza kibarua cha kulima kwa mwenye shamba, kuinama kutoka saa moja mpaka saa saba. Kijana wa bodaboda hainami, lakini anapigwa na mashimo ya barabara ya Juru na Rubondo siku nzima, na jioni anashuka kwenye pikipiki kama babu yake.

Watafiti waliowafuata wabeba maji katika jimbo la Limpopo, Afrika Kusini, waliandika mwaka 2010 kwamba waliokuwa wanabeba kichwani walilalamika sana maumivu ya uti wa mgongo. Bamama wetu wangeweza kuwaambia hilo bure. Ila ni vizuri limeandikwa, kwa sababu kwenye mikutano yetu lisiloandikwa halipo. Ripoti za maji zinahesabu lita zilizofika bombani. Kutoka bombani mpaka nyumbani hakuna anayehesabu, kwa sababu pale usafiri ni shingo ya mwanamke na haidai mafuta.

Kuna habari ya California tunaipenda. Miaka ya nyuma wafanyakazi wa mashamba kule, wengi wao wahamiaji kutoka Mexico, walilimishwa kwa jembe lenye mpini mfupi sana, wenyewe waliliita el cortito. Ukilitumia lazima uiname kabisa, siku nzima, na msimamizi akimwona mtu amesimama wima anajua hafanyi kazi. Wenye mashamba walisema jembe refu litaharibu mazao. Wafanyakazi walikwenda mahakamani, madaktari wakaeleza jinsi migongo ilivyoharibika, na mwaka 1975 jembe fupi likapigwa marufuku. Mazao yaliendelea kuota. Tunachopenda hapo ni kwamba hakuna aliyewapelekea wale watu mtu wa kuwakanda kila jioni ili kesho waendelee kuinama. Waliondoa jembe.

Na sisi tuna akili zetu za nyumbani. Aliyekulia Goma anajua chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, inayoshusha viazi na makaa mpaka mjini, mpaka ikawekewa sanamu katikati ya mji. Mbao, misumari, raba ya tairi. Mafundi wa kuitengeneza tunao humu humu. Afrika Kusini mwaka 1991 walibuni pipa la kuviringisha chini, linabeba lita 90, yaani maji yote ya ile familia yetu ya watu sita kwa safari moja. Toroli la kawaida nalo linatosha, kama linamilikiwa na nyumba kumi pamoja. Tulishawahi kupeleka ombi la matoroli kwa shirika moja, tukajibiwa kwamba halimo kwenye bajeti ya maji wala ya afya. Jibu lilikuwa la adabu. Lakini ndo hivyo, mgongo uko katikati ya ofisi mbili na kila moja inaona ni wa mwenzake.

Turudi kwa wale wa nyuma ya maduka, maana kuna jambo hatuwezi kulipitia haraka.

Kifua kikuu hakikai kifuani tu. Kinaweza kuingia kwenye pingili za mgongo, kikazila polepole. Mtu anaumwa mgongo wiki na wiki, ana homa za jioni, anatoa jasho usiku, nguo zinalegea, wakati mwingine hata hakohoi. Tunaishi kwa msongamano, kifua kikuu tunakijua. Mgongo wa namna hiyo ukisukumwa kwa nguvu unaweza kuvunjika na miguu ikapooza. Daktari aliyesoma anauliza maswali hayo kabla hajakugusa. Aliyejifunza kwenye simu haulizi, kwa sababu kwenye video maswali yamekatwa.

Vile vile ukiona miguu inaishiwa nguvu, au ganzi sehemu unayokalia na katikati ya mapaja, au mkojo na haja kubwa vinatoka bila wewe kujua, au mkojo unagoma kutoka, usingoje asubuhi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mgongo unaoanza kuuma baada ya kuanguka kwa pikipiki usiguswe na mtu yeyote kabla haujapimwa. Na shingo ndiyo tunaomba zaidi. Kuizungusha ghafla kumewahi kuchana mishipa ya damu inayopanda kwenye ubongo na kuleta kiharusi, hata mikononi mwa watu waliosoma. Ni nadra. Lakini mwenye kiharusi humu kwetu atalazwa wapi, na nani atamlisha?

Dada zetu wameongeza jambo lao na wametuambia tuliandike wazi. Kuchuliwa ni kuguswa. Wengi humu wameguswa kwa nguvu njiani, kabla hawajafika hapa, na mwanaume asiyemjua kumlaza mtu kifudifudi nyuma ya pazia siyo jambo dogo. Huduma yoyote ya mgongo itakayoletwa iwe na mwanamke anayehudumia wanawake, mgonjwa aelezwe kabla ya kushikwa, na akisema basi, iwe basi.

Hapo tunagusa pia jambo la roho. WHO ilipoweka msaada wa kisaikolojia kwenye mwongozo wa kiuno, wengine walisema, "kumbe wanaona tunajifanya." Hapana. Mtu asiyelala, anayengoja jibu la usaili miaka minne, mwili wake unakaza na maumivu yanapata sauti kubwa zaidi. Maumivu ni ya kweli. Ila hayakai kwenye mfupa tu, na anayeyatibu inabidi awe na dakika za kusikiliza.

Kwa hiyo, nyinyi wa mashirika, tunaomba vitu vinavyoshikika. Mtu wa fiziotherapia aje walau siku moja kwa wiki, na asiwekewe waliokatwa miguu na wenye risasi tu (hao watangulie, ndiyo), bali na mama wa jerikani. Wafundishwe vijana wa hapa hapa kuongoza mazoezi ya kikundi, tuna viwanja na tuna muda. Matoroli yaingie kwenye bajeti ya mtu mmoja, hata kama ni kwa kupiga kura.

Sisi wenyewe tusikae kungoja. Kiuno kikianza kuuma, usilale kitandani wiki nzima, mwili unazidi kukaza. Endelea na shughuli nyepesi na rudi kwenye kazi polepole. Jaza nusu jerikani mbili, moja kila mkono, kuliko moja iliyojaa upande mmoja. Ni safari ile ile. Ukiinua, kunja magoti, mzigo uwe karibu na tumbo. Jaribio jingine la Australia, la mwaka 2024, lilionyesha kwamba watu waliopona kiuno wakaanza mpango wa kutembea walikaa wastani wa siku 208 kabla maumivu hayajarudi, wengine siku 112. Mtacheka, "sisi kutembea hatukosi!" Kweli, lakini wale walitembea mikono mitupu. Mpeni mama saa moja ya kutembea bila kitu kichwani muone. Na wavulana, maji siyo kazi ya dada zenu peke yao, hiyo haihitaji bajeti ya shirika.

Jumamosi hii tunapima. Tutagawana mabomba ya Base Camp, New Congo na Kabazana, watu watatu kila bomba, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Tunahesabu umbali kwa simu, dakika za foleni, umri wa anayebeba, na tunamwuliza kama mgongo unamuuma. Mwenye mzani wa dukani atuazime. Walio Nyarugusu na Kakuma, tuandikieni, tuwatumie karatasi ya maswali, tupime siku moja.